Mikanda mitano ya filamu na madeni yangu ya picha Mwanza

Kamera yenye mkanda wa picha 36 ikisoma 38, mpiga picha mwenye akili hushtuka. Mimi nilifurahi. Nilikuwa nimesimama pembeni ya soko la Mwaloni, Kirumba, saa 3 asubuhi, viatu vimelowa maji ya samaki, nikajiambia kwamba kiwanda kimenizidishia kidogo, kama mwuza dagaa anavyokuongezea kiganja kimoja baada ya kupima. Namba ilipofika 40 nikaanza kuingiwa na wasiwasi. Ilipofika 41 nilikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, nikakizungusha kimkono cha kurudishia filamu kilicho upande wa kushoto wa kamera, nacho kikazunguka chepesi kabisa, bila uzito wa kitu kinachovutwa ndani. Filamu haikuwa imeshika kwenye kigurudumu chake. Asubuhi nzima ilikuwa imejilalia ndani ya kopo lake, haijaona hata mara moja mwanga wa ziwa, wakati mimi nikichuchumaa, nikiinama na kuwaomba radhi makuli kwa kuwazibia njia. Filamu yenyewe haikuharibika, na baadaye niliitumia. Kilichopotea ni asubuhi.

Kosa hilo nilikuwa nimeonywa. Kamera hiyo ni Pentax K1000, chuma kitupu kilichotengenezwa kuanzia mwaka 1976 hadi 1997, ambayo karibu kila kitu ndani yake huendeshwa kwa springi na meno, na betri yake ndogo kama kifungo cha shati ina kazi moja tu ya kusogeza mshale unaopima mwanga. Haina hata swichi ya kuuzima mshale huo, kwa hiyo usipoifunika lenzi betri huendelea kuliwa. Niliinunua kwa mzee mmoja aliyekuwa na studio mjini katika miaka ambayo harusi haikukamilika bila familia nzima kupangwa mstari mbele ya pazia lililochorwa maporomoko ya maji. Siku ya kunikabidhi aliifuta kwa pindo la shati, akairudia kuifuta, kisha akasema: "Mwanangu, ukivuta filamu, tazama na huku kushoto kama panazunguka. Pasipozunguka, unapiga hewa." Nilimwitikia "sawa, mzee" kwa sauti ya mtu aliyekwisha kutazama video nyingi mtandaoni.

Filamu nililetewa na binti wa shangazi yangu anayeishi Uingereza, mikanda mitano ya Ilford HP5 Plus, ambayo hutengenezwa hukohuko. Ni filamu ya ASA 400, kipimo cha wepesi wake wa kunasa mwanga, kama mzee anavyoendelea kuiita ingawa maboksi siku hizi yameandikwa ISO. Nilimsihi asiiweke kwenye mzigo mkubwa, na uwanjani aombe ikaguliwe kwa mkono, kwa sababu mashine mpya za ukaguzi zina nguvu ya kuitia filamu ukungu hata kabla hujaipakia kwenye kamera. Alifanya hivyo, akacheleweshwa, na hadi leo ananikumbusha. Mikanda mitano ni picha 180. Simu yangu ina picha zaidi ya 9,000 ambazo sizitazami, na sasa nilikuwa na 180 kwa Mwanza nzima, milima yake, mawe yake na watu wake.

Kila anayejifunza kupiga picha za mtaani hukutana mapema na jina la Henri Cartier-Bresson, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1908, na hukutana na mafundisho yanayohusishwa naye: uwe mwepesi, usionekane, usiombe, usimwache mtu akapanga uso wake. Kamera yake aliifunika kwa utepe mweusi mahali palipong'aa ili isimsaliti. Kilichonivutia mimi zaidi ni kwamba Mfaransa huyo alieleza kuwa picha iliyomsukuma kuingia mtaani na kamera ni ya Martin Munkácsi, mzaliwa wa Hungaria, inayoonyesha wavulana watatu wa Kiafrika wakikimbilia mawimbi, migongo yao imetugeukia, miili yao myeusi juu ya povu jeupe. Picha hiyo hujulikana kama ya wavulana wa Ziwa Tanganyika, ingawa wengine huiandika kwamba ilipigwa Liberia. Na kama ni Liberia, basi ziwa letu lilisafiri mbali sana. Kwa vyovyote vile, mtindo mzima wa kuwavizia watu wa Paris ulipata cheche yake kwa watoto wa huku waliokuwa wakienda kuoga.

Nilitoka na picha hiyo kichwani Jumamosi moja mchana, nikawakuta watoto wanne wakijirusha majini kutoka juu ya mwamba. Mwanza haina shida ya miamba. Kamera ilipotoka tu kwenye begi, wote wanne waliacha kuruka, wakapanda juu, wakajipanga mstari kwa kimo, mikono wamekunja kifuani, wakaniambia kwa pamoja: "Tupige!" Niliwasihi waendelee na michezo yao kana kwamba sipo. Walinitazama kwa huruma, kama mtu asiyejua kazi yake. Basi nikawapiga kama walivyotaka, picha moja, nikakaa chini nikajifanya nasafisha lenzi. Baada ya dakika kumi hivi walichoka kunitazama, mmoja akarudi majini, wengine wakamfuata, na hapo ndipo nilipopata mgongo mmoja ukiwa hewani, miguu imekunjwa, na mkono wa mwingine ukiingia kwenye ukingo wa picha kutoka nisikokutazamia.

Tangu siku hiyo nimekuwa na kanuni ambayo siioni kwenye mafundisho ya Wafaransa: picha ya kwanza ni ya kwao, ya pili ni yangu. Kwa mwenye simu kanuni hiyo haina gharama. Kwa mwenye picha 180 ina maana kwamba amebaki na 90.

Hata hivyo sikuiacha mara moja ile njia ya kuvizia. Nilikwenda nayo Makoroboi, eneo lililopata jina lake kutokana na koroboi, vile vitaa vya mafuta ya taa vilivyokuwa vikitengenezwa hapo kwa makopo, ambalo leo lina kila kitu kuanzia mitumba hadi masufuria, chini ya mawe makubwa yanayoonekana kama yatadondoka kesho. Nilifanya hesabu zangu nyumbani. Lenzi ya milimita 50 ikiwekwa f/11, yaani tundu lake la mwanga likiwa dogo, na umbali wa mita 3, kila kilicho kati ya mita mbili na kitu hadi karibu mita 5 hutoka kikiwa kimekaa vizuri, kwa hiyo hakuna haja ya kuinua kamera jichoni. Unaweza kuiacha ining'inie kifuani, ukabonyeza huku ukitazama pengine. Nilisimama karibu na meza ya mitumba, nikatazama pengine, nikabonyeza. Shata ya K1000, kile kipazia kinachofunguka kuupitisha mwanga, hulia kama mlango wa kabati.

"Bro, unampigia nani?"

Swali hilo nimelifikiria sana baadaye. Hakuuliza kwa nini ninapiga, aliuliza kwa niaba ya nani. Kwa mtu anayepanga bidhaa zake barabarani, hasa baada ya zoezi la mwaka 2021 la kuwaondoa wamachinga pembezoni mwa barabara na kuwapangia maeneo, mtu mwenye kamera asiyesema kitu huwa ametumwa. Nilimjibu kwamba ninapiga kwa ajili yangu mwenyewe, jibu la kweli lisilo na mashiko, kwa sababu hakuna anayezunguka na jua la namna ile kwa ajili yake mwenyewe. Akasema, "Nionyeshe." Nikaigeuza kamera, naye akaona kibati cheusi kisichokuwa na kioo wala kitufe. Akadhani nimeficha kitu. Wakaongezeka wawili, wakawa watano, kila mmoja akitaka kuona kioo kilipo, na mimi nikieleza habari za filamu kwa vijana ambao wengi wao walizaliwa wakati mikanda imekwisha kutoweka madukani.

Aliyeniokoa ni mzee muuza vitasa, ambaye hakuinuka hata kwenye kigoda chake. "Hiyo ni ya mkanda," alisema. "Hata harusi yangu ilipigwa na ya namna hiyo. Picha inasubiriwa wiki mbili." Vijana walipoanza kulegea, akanigeukia mimi: "Lakini na wewe una makosa. Uko hapa tangu saa 4, sijakusikia ukimsalimia mtu."

Ilikuwa kweli tupu. Nilikuwa nimekaa katikati ya watu saa nzima na nusu bila hata kusema habari za kazi, jambo ambalo nisingelifanya siku yoyote nisipokuwa na kamera. Mafundisho ya kutoonekana yanaweza kufaa katika mji ambao watu hupishana bila kutazamana. Hapa kwetu asiyesalimia ndiye anayeonekana kuliko wote. Niliwapa shikamoo wazee waliostahili, na vijana nikawapa mambo vipi waliyoyapokea kwa shingo upande, nikanunua kitasa ambacho sikukihitaji, na kesho yake nilirudi nikianza na salamu. Wiki moja baadaye nilikuwa na jina, "yule wa mkanda", na mtu mwenye jina anaweza kusimama mahali saa nzima bila kuulizwa anampigia nani. Siyo kwamba nilikuwa sionekani. Nilikuwa nimezoeleka, na watu huendelea na kazi zao mbele ya mtu waliyemzoea. Bandarini, vituo vya polisi na sehemu za namna hiyo sikugusa kabisa, na Mwaloni nilipita kwanza kwenye uongozi wa soko kujieleza. Wapo watakaosema kwamba hizo si picha za mtaani tena. Sina ugomvi nao, wao waende Paris.

Shida iliyonitesa zaidi ya watu ni jua. Mwanza iko takriban nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo mchana jua hukaa karibu na utosi mwaka mzima, na kivuli cha kofia huufunika uso wote. Isitoshe, saa zetu hufuata mstari wa nyuzi 45 za longitudo ilhali sisi tuko karibu na nyuzi 33, ndiyo maana jua letu hufika katikati kati ya saa 6 na nusu na saa 7, na asubuhi huchomoza karibu saa 12 na dakika 40. Kwa mpiga picha hilo si jambo dogo, kwa sababu saa za mwanga mlalo, ule unaoingia chini ya kofia na kuyapaka mawe upande mmoja, huangukia saa zilezile ambazo Mwaloni umechangamka kweli, boti zikitia nanga kutoka visiwani na dagaa wakishushwa. Huhitaji kuchagua kati ya mwanga mzuri na watu.

Lakini hata mwanga mzuri una mtego wake. Mshale wa kamera hauoni watu. Huona mwanga tu, na hudhani kwamba dunia yote ikichanganywa ni kijivu cha wastani. Ukimpiga kuli mweusi aliyesimama mbele ya maji yanayomeremeta, mshale huyatazama maji, hukuambia upunguze mwanga, nawe ukiutii unapata ziwa zuri na kivuli cha mtu kisicho na macho. Kanuni za zamani za jua la wazi, f/16 na kasi ya shata ya 1/500 ya sekunde kwa filamu ya ASA 400, nazo hukuangusha mara tu mtu anapoingia chini ya turubai. Nilichofanya hatimaye ni kuupima mgongo wa mkono wangu mwenyewe, ambao rangi yake haitofautiani na ya wale ninaowapiga, nikiuelekeza upande uleule ambao uso wa mtu umeelekea. Mshale huona weusi huo, hudhani pana giza, huniambia niongeze mwanga, na safari hii kosa lake linakuwa faida yangu, kwa kuwa filamu ya nyeusi na nyeupe huusamehe mwanga uliozidi kidogo kuliko uliopungua. Kisichoandikwa kwenye filamu hakuna dawa ya kukirudisha. Ziwa linakuwa jeupe zaidi, ndiyo, lakini ziwa lipo kila siku.

Kuhusu rangi niliyoipoteza, nitasema kisa kimoja. Katika soko la Mlango Mmoja kuna mama anayepanga nyanya kwa mafungu ya tano tano, nne chini na moja juu, na kati ya mafungu huweka pilipili hoho mbichi, nyekundu na kijani zikipokezana kama shanga. Nilimwomba, akakubali, nikapiga picha yake ya kukaa wima na baadaye yangu ya mikono yake ikipanga. Nilisahau jambo ambalo kila mzee wa studio alilijua: wekundu na ukijani, rangi zinazogombana machoni petu, juu ya filamu ya nyeusi na nyeupe zinaweza kutoka kijivu kilekile. Nilipompelekea picha aliitazama muda mrefu, akaigeuza nyuma akaona karatasi nyeupe, akairudisha mbele. "Mikono ni yangu," alisema. "Lakini nyanya mbona umezifanya mawe?" Jirani yake alikuwa na swali zito zaidi: kwa nini nimemtoa rangi mtu aliye hai, kana kwamba ni picha ya matanga? Sikuwa na jibu. Mpaka sasa sipigi vitenge wala matunda kwa filamu hii, na ninajua kwamba hilo ni nusu ya mji.

Nusu iliyobaki, hata hivyo, ni kama ilisubiri kijivu. Mawe yetu ya matale yana madoa na michirizi ambayo rangi huificha. Nguo zilizoanikwa juu ya mawe hayo huko milimani, mabati yaliyopauka, mitumbwi iliyopakwa lami, kanzu ya mzee anayeshuka ngazi baada ya sala ya Ijumaa, mawingu ya mvua yanapolifunika ziwa wakati jua bado linapiga upande wa mjini. Na dagaa! Dagaa walioanikwa wakanyauka nusu, kila mmoja akiwa na mstari mmoja wa kung'aa ubavuni, elfu kwa elfu.

Kazi ya kusafisha, yaani kuitoa picha kwenye filamu kwa dawa, niliifanya nyumbani. Filamu hutolewa kwenye kopo gizani na kuviringishwa kwenye kigurudumu cha plastiki, na giza linalotakiwa ni lile ambalo hata baada ya dakika tano huoni mkono wako. Niliziba chini ya mlango wa choo kwa blanketi, nikabandika khanga mbili dirishani, na bado taa ya jirani ilipenya. Kisha umeme ukakatika mtaa mzima. Nilikuwa mtu pekee aliyepiga kelele ya furaha.

Mkanda wa kwanza kuusafisha niliupika, hakuna neno lingine. Dawa niliyotumia, ID-11 iliyochanganywa na maji kwa nusu, huhitaji dakika 13 kwa filamu hii maji yakiwa nyuzi 20. Maji ya bomba kwangu yalikuwa nyuzi 26, mimi nikahesabu dakika zilezile 13 kwa uaminifu wote. Filamu ilitoka nzito, sehemu za mwanga zimekuwa ukuta. Mzee wa studio aliishika kwa ncha za vidole, akaielekeza kwenye taa ya bodaboda iliyosimama mlangoni, akasema, "Sisi hatukuwa na barafu, mwanangu. Tulikuwa tunapunguza dakika." Maji yakifika nyuzi 24, dakika 9 zinatosha. Nilichanganya njia zote mbili: nilinunua barafu za mifuko kwa mama wa jirani, nikaziweka kwenye beseni lenye maji, chupa ya dawa ikasimama katikati mpaka kipimajoto kikasoma 24, nikahesabu 9. Mama huyo aliuliza kama nina sherehe.

Naomba mwenye kufanya kazi hii asiharakishe hatua ya mwisho, kama nilivyoharakisha. Baada ya dawa ya kukazia, ile inayoondoa fedha ambayo haikuguswa na mwanga, filamu huoshwa. Niliijaza maji tanki, lile kopo ambamo filamu husafishwa, nikaipindua mara 5, nikabadilisha nikaipindua mara 10, nikabadilisha tena mara 20, njia inayookoa maji kuliko kuacha bomba wazi. Kisha niliitundika kwa vibanio vya nguo karibu na dirisha, taa ikiwaka, jioni, na ninakaa karibu na ziwa. Wenyeji mnajua kilichofuata. Wale vijidudu vinavyoinuka juu ya maji kama moshi wa nyika viliifuata taa, na kimoja kikatua kwenye filamu mbichi kikakaukia hapo. Kiko mpaka leo katika anga la picha namba 22, mabawa yametandazwa, kikubwa kuliko boti.

Picha hiyohiyo ndiyo niliyoitazama kwanza ikiwa bado inadondoka matone. Kwenye negativu dunia imegeuzwa: anga la asubuhi lilikuwa jeusi tii, na mwanamke aliyeinama kuwageuza dagaa alikuwa na uso mweupe kama unga na nywele za mvi. Dagaa waliomeremeta walikuwa mkaa. Nilijua kwa akili kwamba ndivyo inavyotakiwa, maana mahali palipopata mwanga ndipo fedha inapobaki na kuwa nyeusi, lakini mkono ulinitetemeka kidogo, nikaishusha filamu, nikaitazama tena.

Chumba cha giza cha kuchapia sina. Ninaiweka negativu juu ya kifuniko cheupe cha ndoo ya aiskrimu, tableti ikiwaka chini yake, ninaipiga kwa simu, programu inageuza. Kisha ninapeleka duka la kuchapisha picha, ambako kijana wa zamu, alipoiona ya kwanza ikitoka, aliisimamisha mashine akaanza kuifungua akidhani wino wa rangi umekwisha.

Na hapo ndipo madeni yanapoingia. Mtu akipigwa kwa simu huiona picha papo hapo, hucheka, hukuambia ufute au umtumie, na mambo yameisha. Mimi nilikuwa sina cha kuonyesha, kwa hiyo kila niliyempiga alisema lilelile: "Utaniletea?" Nami kila mara nilisema nitaleta. Sikujua kwamba nilikuwa ninakopa. Kwa wenye umri wa kukumbuka studio, picha iliyopigwa na haijaletwa ni mali yao iliyoko mikononi mwa mtu, na walipokuwa wakiniona nikipita bila bahasha walinidai kwa jina langu jipya, mbele za watu. Nilinunua daftari. Upande mmoja namba ya mkanda na ya picha, upande wa pili mahali na alama ya mtu: kuli mwenye kofia ya manyoya, fundi baiskeli wa Igogo, kinyozi chini ya mwembe. Hadi mkanda wa tatu ulipokwisha nilikuwa na madeni 14, na nimekwisha kulipa 9.

Kulipa ndiko kulikonipa picha nilizozipenda zaidi. Fundi baiskeli, baada ya kupokea yake, aliibandika ukutani kwa gundi ya kuzibia matairi, akarudi kuinama kwenye gurudumu, akanisahau kabisa huku nikiwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake. Nilipiga mbili. Watoto wa mwambani walikimbia na yao hata kabla sijamaliza kuitoa, wakaivuta huku na huku mpaka ikachanika katikati ya wawili na wawili, na vilio vikafuata. Ile ya mgongo ulio hewani hawakuitaka, walisema haionyeshi ni nani.

Deni linaloniuma ni la kuli mwenye kofia ya manyoya. Picha yake ndiyo bora kuliko zote, gunia la dagaa begani, macho yamefumbwa kwa jua, jasho likiwa limechora mstari mmoja mweupe kutoka kwenye sikio hadi kidevuni. Nimempelekea mara tatu Mwaloni, na kila mara naambiwa jambo jipya: yuko Ukerewe, amerudi, ameondoka tena na boti za visiwani na huenda akakaa msimu mzima. Juzi niliamua kuiacha bahasha kwa mama lishe ambaye huwauzia makuli uji, kwa kuwa kila anayerudi kutoka visiwani hupita kwake kwanza. Alifuta mikono kwa khanga, akaitoa picha, akaitazama kwa kuisogeza mbali na macho, akatikisa kichwa.

"Ni yeye kabisa," alisema, akaichomeka nyuma ya kopo la sukari. "Nitamtunzia. Ila mimi ulinipiga tangu kabla ya mvua, nikishika upawa. Yangu iko wapi?"

Nilifungua daftari mbele yake. Sikuwa nimemwandika.